Je, kila aliyeumia hana budi kulazwa hospitali?

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkusanyiko wa walimu na watumishi wa umma.



Wahenga walisema ajali haina kinga. Kwa hakika ajali nyingi zina kinga, na jambo hilo linastahili kupewa siku yake. Leo sikuja kuzungumzia namna ya kuzuia ajali. Nataka tuzitazame zile saa za mwanzo baada ya ajali kwisha kutokea, wakati majeruhi amekwisha kufikishwa mbele ya tabibu, na ndugu zake wamesimama mlangoni wakingoja kuambiwa neno moja: alale, au arudi nyumbani?

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani kote mwaka 2021. Shirika hilo hukadiria pia kwamba wanaoumia barabarani bila ya kufa ni kati ya watu milioni 20 na milioni 50 kila mwaka. Tukiwaongeza wanaoanguka kutoka miembeni na minazini, wanaojikata kwa majembe na mapanga, na watoto wanaoungua kwa uji na maji ya moto, ni dhahiri kwamba hakuna nchi duniani yenye vitanda vya kuwalaza wote. Kwa hiyo hapana budi kuchagua. Suala ni kuchagua kwa kipimo gani.

Huenda baadhi yenu mkasema kwamba hilo ni suala la madaktari. Ni kweli kwamba uamuzi wa mwisho ni wao. Lakini kabla mtoto wa shule hajafika kwa daktari, mwalimu amekwisha kuamua kama apelekwe au arudishwe bwenini. Na baada ya mtumishi kutoka kwa daktari, mkuu wake wa kazi huamua kama ataamini kwamba mtu huyo ameumia. Maamuzi yote mawili hufanywa na watu kama ninyi, na yote mawili yaweza kugharimu maisha au riziki ya mtu.

KITANDA SI MIZANI YA MAUMIVU

Katika mazungumzo yetu ya kila siku tumekwisha kukifanya kitanda cha hospitali kuwa mizani ya kupimia ukubwa wa jeraha. Mtu akipata ajali, swali letu la kwanza ni "Amelazwa?" Tukiambiwa amelazwa, tunafunga safari na chupa ya uji. Tukiambiwa ametibiwa na kuruhusiwa, tunashukuru Mungu na kusema, "Basi hakuumia sana." Na ofisini, mtu akileta karatasi ya mapumziko, ile ambayo wengi huiita ED, hutokea sauti ya kunong'ona: "Kama angekuwa ameumia kweli, angelazwa."

Mizani hiyo ni mbovu pande zote mbili. Mtu aliyevunjika mfupa wa bega anaweza kukaa nyumbani wiki sita asiweze kunyanyua hata sufuria, wala asilale hospitali hata usiku mmoja. Na mtu aliyegongwa kichwani, asiyelalamika maumivu makubwa, anaweza kuwa ndiye anayehitaji kulazwa usiku huo huo. Maumivu ni jambo moja, ulemavu wa muda ni jambo la pili, na haja ya kitanda ni jambo la tatu. Mambo haya matatu hukutana mara nyingine, lakini hayalingani.

Fikra kwamba aliyeumia lazima alale ina historia ndefu na ya heshima. Mwaka 1863 daktari wa upasuaji wa London, John Hilton, alichapisha mihadhara yake juu ya mapumziko kama tiba, na kitabu chake kikasomwa na vizazi vya madaktari. Hugh Owen Thomas wa Liverpool, ambaye wengi humhesabu miongoni mwa waasisi wa tiba ya mifupa ya Uingereza, alishikilia kwamba kiungo kilichoumia lazima kipumzishwe kikamilifu na kwa muda wa kutosha. Walikuwa na haki. Mfupa uliovunjika hauungani vizuri ukiwa unatikisika.

Lakini tuangalie vema: kinachotakiwa kutulizwa ni mfupa, si mtu mzima. Mkono ukifungwa plasta ngumu, ile tunayoiita hogo, mfupa umekwisha kupata mapumziko yake, na mwenye mkono anaweza kutembea, kula mezani na kusahihisha madaftari kwa mkono wa pili. Kosa lililofanywa na vizazi vingi lilikuwa kuchukua haja ya kiungo kimoja na kuitandaza juu ya mwili wote.

Mwaka 1947 daktari Mwingereza, Richard Asher, aliandika makala fupi katika jarida la madaktari wa Uingereza kuonya juu ya hatari za kumlaza mtu kitandani. Alionyesha, kiungo kwa kiungo, jinsi kulala kunavyoudhuru mwili. Tangu siku hizo ushahidi umezidi kuongezeka. Damu inayokaa miguuni bila kusukumwa na misuli inaweza kuganda, na bonge hilo likipanda hadi kwenye mapafu linaweza kuua ghafla. Mapafu ya anayelala chali hayapanuki vema, na nimonia hupata mlango. Misuli hunywea. Ngozi inayobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, ikafa, na kidonda kikafunguka.

Juu ya kidonda hicho cha kulalia tuna somo kubwa. Katika mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alianza kuongoza kituo cha waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Kabla ya hapo wengi wa waliopooza kwa majeraha ya vita hawakuishi muda mrefu. Walikufa kwa vidonda vya kulalia na kwa maambukizo ya njia ya mkojo. Guttmann aliamuru wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na baadaye akawapeleka viwanjani kucheza. Kitanda ni kile kile. Kilichobadilika ni kazi iliyofanywa kando yake.

NINI KITAFANYIKA KITANDANI?

Hapa ndipo tunapopata kipimo tulichokuwa tukikitafuta. Swali lisiwe "Ameumia kiasi gani?" Swali liwe hili: "Ni kitu gani atakachofanyiwa akiwa amelazwa, ambacho hakiwezi kufanyika nyumbani kwake au kwa kuja kliniki?" Kama jibu lipo, alazwe bila kuchelewa. Kama jibu halipo, kitanda hicho kinamngoja mtu mwingine.

Mwaka 1981 Wamarekani wawili, Paul Gertman na Joseph Restuccia, walichapisha orodha ya kupimia kama siku ya mgonjwa hospitalini ina haja ya kitabibu. Orodha hiyo haiangalii jina la ugonjwa. Inaangalia huduma anayopewa mgonjwa siku hiyo: je, amefanyiwa upasuaji au anatayarishwa kufanyiwa? Je, anapata dawa au maji kwa mshipa? Je, hali yake inahitaji kuangaliwa na muuguzi kila baada ya muda mfupi? Kila siku hupimwa peke yake. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuwa na haja ya kulazwa Jumatatu, na haja hiyo ikawa imekwisha Alhamisi, ingawa bado anaumwa.

Waliotumia vipimo vya namna hiyo katika nchi mbalimbali waligundua jambo la kufikirisha. Siku nyingi zisizo na haja hazitokani na wagonjwa wavivu wala madaktari wakarimu kupita kiasi. Zinatokana na kungoja: kungoja picha, kungoja majibu ya maabara, kungoja zamu ya chumba cha upasuaji, kungoja daktari aje kutia sahihi, kungoja mahali pa kwenda. Hilo ni suala la utaratibu wa kazi, na ninyi watumishi wa umma mnajua vizuri jinsi jalada linavyoweza kulala juu ya meza. Hospitalini linapolala jalada, mtu naye hulala pamoja nalo.

PALE AMBAPO KULAZWA NI LAZIMA

Nisieleweke vibaya. Sikuja kuhubiri kwamba watu warudishwe nyumbani. Yako majeraha ambayo kumrudisha mtu nyumbani ni sawa na kumsindikiza kaburini, na hatari yake ni kwamba baadhi yao hayaonekani kwa macho.

La kwanza ni jeraha la kichwa. Mwezi Machi 2009 mwigizaji wa Uingereza, Natasha Richardson, alianguka alipokuwa akijifunza kuteleza juu ya theluji huko Quebec, Kanada. Alisimama, akazungumza, wala hakuona haja ya daktari. Baadaye siku hiyo kichwa kikaanza kumuuma, akapelekwa hospitali. Siku mbili baada ya kuanguka alifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba damu ilikuwa imevuja kati ya fuvu na utando wa ubongo. Madaktari wanaujua sana mwenendo huo: mtu hugongwa, huwa mzima kwa muda, huzungumza na hata hucheka, kumbe damu inajikusanya taratibu mahali pasipo na nafasi ya kupanuka.

Mtu wa namna hiyo anahitaji jicho hata kabla hajahitaji kisu. Mwaka 1974 madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow walitoa kipimo cha fahamu kinachotumika hadi leo duniani kote. Muuguzi huangalia mambo matatu: kufumbua macho, kusema, na kunyoosha viungo anapoamriwa. Alama ya chini ni 3, na ya juu ni 15. Mwongozo wa Uingereza unaagiza kwamba aliyelazwa kwa jeraha la kichwa, akiwa amefikia alama 15, apimwe kila nusu saa kwa saa 2, kisha kila saa 1 kwa saa 4, na baada ya hapo kila saa 2. Upimaji huo ndio tiba yenyewe. Kumlaza mgonjwa wa kichwa bila ya kumpima usiku kucha ni kumhamisha kitanda tu.

Kwa hiyo aliyegongwa kichwa akipoteza fahamu, akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akichanganyikiwa, akitokwa na maji au damu puani au sikioni, akilegea upande mmoja, au kichwa kikizidi kumuuma badala ya kupoa, huyo aende hospitali mara moja. Kadhalika mzee, na yeyote anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, wasichukuliwe kwa wepesi. Tena tusiseme, "Amelewa tu, mwacheni alale." Pombe na damu ya ubongoni hufanana sana usoni pa mtu, na wako waliokufa wakikoroma huku wenzao wakingoja ulevi uwatoke.

La pili ni tumbo. Usukani wa gari au mpini wa baiskeli ukimpiga mtu tumboni, wengu au ini vinaweza kupasuka bila ngozi kuchubuka. Zamani wengi wa hao walipasuliwa. Siku hizi wengi ambao hali yao ni tulivu hutibiwa bila kisu, kwa kulazwa na kuangaliwa mapigo ya moyo, shinikizo la damu na tumbo lenyewe, huku chumba cha upasuaji kikiwa tayari. Hapo kitanda kimechukua nafasi ya kisu.

La tatu ni mguu au mkono unaovimba ndani ya gamba lake. Mfupa wa muundi unapovunjika, misuli inaweza kuvimba mpaka ikajinyima damu yenyewe. Dalili kubwa ni maumivu yanayozidi kiasi cha jeraha, yasiyosikia dawa, yanayochachamaa vidole vinaponyooshwa. Ikipita saa chache bila ya kufunguliwa, misuli hufa. Ndiyo sababu daktari huweza kumlaza kwa usiku mmoja mtu ambaye mguu wake umekwisha kufungwa vizuri. Na ndiyo sababu yule aliyeruhusiwa na hogo, akiona vidole vinakufa ganzi au vinakuwa vya baridi, asingoje tarehe ya kliniki.

La nne ni mfupa uliotoboa ngozi, hata kama tundu ni dogo kama punje ya hindi. Huyo anahitaji dawa za kuua vijidudu mapema iwezekanavyo, kinga ya pepopunda, na kuoshwa kidonda katika chumba cha upasuaji. La tano ni majeraha ya moto. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni karibu asilimia 1 ya ngozi yake, na kwa kipimo hicho hata mwalimu anaweza kukadiria. Kwa kawaida mtoto aliyeungua zaidi ya asilimia 10, na mtu mzima zaidi ya asilimia 15, hulazwa, kwa sababu mwili wao hupoteza maji mengi yanayopaswa kurudishwa kwa mshipa. Aliyeungua usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri, aliyevuta moshi, na aliyepigwa na umeme, hao nao wahesabiwe humo ingawa eneo ni dogo.

PALE AMBAPO HAKUNA HAJA

Kwa upande wa pili yako majeraha yanayouma sana, yanayotisha kuyatazama, ambayo kwa kawaida hayana haja ya kulazwa. Kifundo cha mguu kilichoteguka. Mfupa wa bega uliovunjika bila kuchoma ngozi. Mfupa wa kifundo cha mkono ulionyooshwa na kufungwa vema. Mkato safi ulioshonwa, ambao haukugusa mshipa mkubwa wala kano. Mtu wa namna hiyo hupewa dawa ya maumivu, maelezo ya dalili za hatari, na tarehe ya kurudi. Kumlaza hakuongezi uponaji hata kwa siku moja. Kunamweka karibu na vijidudu vya wodini, kunamtoa kwenye shughuli zake, na kunamnyima nafasi yule wa wengu au wa kichwa. Wodi zinapofurika hadi wagonjwa wawili wanalala mzungu wa nne katika kitanda kimoja, anayepoteza zaidi ni mahututi, kwa maana macho ya muuguzi ni mawili tu.

Hapa lipo jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havilisemi sana, nasi hatuna budi kulisema. Haja ya kitanda haipimwi kwa jeraha peke yake. Inapimwa pia kwa umbali. Mwenye kuvimba mguu anayekaa mtaa wa pili kutoka hospitali anaweza kwenda nyumbani na kurudi usiku wa manane akizidiwa. Mwenye mguu kama huo huo, anayekaa kijiji kilicho ng'ambo ya mto, ambako gari hupita mara mbili kwa wiki, huyo hana nyumba ya kurudi kwa maana ya kitabibu. Vivyo hivyo aliyegongwa kichwa lakini hana dalili anaweza kurudishwa nyumbani, kwa sharti kwamba yupo mtu mzima mwenye akili timamu wa kukaa naye kwa saa 24. Kama anaishi peke yake, sharti limekosekana, na uamuzi lazima ubadilike.

Wako watakaosema kwamba umbali ni shida ya jamii, si shida ya tiba. Sikubaliani nao. Tiba isiyomfikia mtu si tiba. Hata hivyo wana haki katika jambo moja: anayelazwa kwa sababu ya umbali hahitaji kitanda cha wodi ya upasuaji. Anahitaji mahali pa kulala karibu na hospitali. Tumekwisha kuzoea wazo la nyumba za kusubiria kwa wajawazito wanaotoka mbali. Wazo hilo hilo lingeweza kumfaa majeruhi anayengoja kliniki ya kesho kutwa, kwa gharama ndogo kuliko ya wodi. Halmashauri zinazopanga majengo ya hospitali zalifikirie.

Mfano mwingine wa siku zinazoweza kuokolewa ni mfupa wa paja. Zamani, na bado mahali pengi, aliyevunjika paja hulazwa wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito. Tiba hiyo imeokoa watu wengi, lakini baba wa familia anayelala miezi miwili au mitatu hurudi nyumbani akakuta msimu umepita na shamba limekuwa pori. Chuma kikitiwa ndani ya mfupa, mgonjwa huweza kuamka kwa magongo baada ya siku chache. Tatizo lilikuwa mashine ghali ya picha inayotumika wakati wa upasuaji. Shirika la SIGN, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, lilitengeneza chuma kinachoweza kutiwa bila ya mashine hiyo. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ni miongoni mwa hospitali zilizokitumia sana. Basi ulizeni: ni lipi lenye faida kwa taifa, kuongeza vitanda vya kungojea mifupa iungane, au kuongeza upasuaji unaowatoa watu vitandani?

WAJIBU WETU

Ndugu walimu, mtoto akianguka kichwa-kichwa uwanjani, asirudi mchezoni siku hiyo, hata akisema yu mzima. Akirudishwa bwenini, atajwe kwa jina mtu wa kukaa naye, na mtu huyo aambiwe dalili nilizozitaja. Si lazima kumnyima usingizi mtoto, kama wengi wanavyodhani. La lazima ni kwamba akiamshwa aamke, ajue yuko wapi, na azungumze kama kawaida yake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na mtoto mara nyingi huficha kwa kuogopa kukosa mechi au kuchapwa kwa kupanda mti.

Ndugu wakuu wa kazi, sheria zetu hazipimi kuumia kwa idadi ya siku za wodini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu mshahara, na inachodai ni cheti cha daktari. Haidai ushahidi wa kulazwa. Sheria ya Kanuni za Adhabu nayo, inapoeleza dhara kubwa, hutazama madhara aliyoyapata mtu katika mwili na afya yake. Haihesabu usiku aliolala hospitali. Mkuu wa kazi anayekataa cheti cha mtu aliyevunjika mkono kwa sababu "hakulazwa" ameweka sharti lisiloandikwa popote. Tena anawafundisha watumishi wake kwenda kuomba vitanda wasivyovihitaji.

Kuhusu fomu ya polisi, ile PF3, tukumbuke kazi yake. Ni hati ya ushahidi. Haizuii damu kutoka. Anayevuja damu ashughulikiwe kwanza, na karatasi ifuate.

Yapo pia mambo mawili ya aibu ambayo hatuna budi kuyataja. La kwanza ni kimemo. Mtu mwenye cheo huandika kikaratasi au hupiga simu ili ndugu yake aliyechubuka goti apatiwe kitanda "kwa uangalizi". Kitanda kilichotolewa kwa kimemo kimenyang'anywa kwa mtu ambaye hana wa kumwandikia. La pili ni kinyume chake: mkulima aliyeambiwa alazwe, lakini akatia sahihi ya kuondoka kwa sababu anaogopa gharama. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ulianza na watumishi wa Serikali. Mkulima alibaki nje kwa miaka mingi, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kati ya mtumishi anayelazwa bila haja kwa kuwa kadi inalipa, na mkulima anayeondoka na damu tumboni kwa kuwa mfuko ni mtupu, hapo ndipo haki inapopimwa. Kipimo cha kitabibu kina maana ikiwa tu kinatumika sawasawa kwa wote wawili.

Mwisho, ndugu zangu, nawaomba mchukue maswali manne ya kumwuliza daktari kwa adabu, kila mnapomsindikiza aliyeumia. Akilala, atafanyiwa nini leo usiku? Akirudi nyumbani, ni dalili zipi zikitokea tumrudishe mara moja? Nani anapaswa kukaa naye, na kwa saa ngapi? Na kutoka tunakokaa, tutafika hapa kwa muda gani usiku? Daktari mwema hatachukizwa na maswali hayo, maana ndiyo anayojiuliza mwenyewe kabla ya kushika kalamu. Na mkijibiwa kwamba hakuna haja ya kulala, mchukueni mgonjwa wenu, mumtafutie mtu wa kukaa naye, na mlale mkijua njia ya kurudi.